Alinisemesha Vikali

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha viatu, pale barabara ya lami inapokutana na uchochoro wa mafundi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na mtu akikaa peke yake mwishoni ubao unainuka upande wa pili, kwa hiyo tumezoea kukaa kwa kuulizana. Mimi nashona soli huku nasikiliza. Kahawa anauza Shemeji, tunayemwita hivyo wote ingawa hajaolewa na ndugu wa yeyote kati yetu. Gazeti alikuwa tarishi wa ofisi mpaka alipostaafu, na mpaka leo husoma magazeti kuanzia kichwa cha habari hadi matangazo ya vifo. Mizani ana bucha ng'ambo ya barabara na huja na aproni yake. Wa mwisho ni Cheche, mchomeleaji, fundi wa mageti na madirisha ya chuma, mtu mwenye mikono ya kuogopesha na moyo wa kukopesha. Siku ninayoisimulia alikuja mapema kuliko kawaida yake, miwani ya kazi bado iko kwenye paji la uso, akakaa kwa kishindo mpaka kahawa ya Gazeti ikamwagika kwenye suruali.

— Nauliza, akasema Cheche. Vikali maana yake nini?

— Maana yake suruali yangu imeungua, akasema Gazeti.

— Sina utani leo. Dada yangu kaja nyumbani asubuhi. Hajaketi, hajanywa hata maji, kasimama mlangoni ananiambia, "Mwanao anasema ulimsemesha vikali, na kwako haji tena." Haji tena. Kwangu mimi, baba yake.

Tulijua anamzungumzia nani. Binti yake mkubwa ameolewa upande wa pili wa mji, na anafanya kazi kwenye karakana ya kushona sare za shule. Ni mpole, na kila akipita hapa husalimia mmoja mmoja, hata Mizani ambaye hujibu salamu kwa kutikisa kisu.

— Ulimwambia nini? nikamuuliza.

— Hapo ndipo ninapotaka kupasuka, Fundi. Nilikuwa nakata mabomba ya geti. Mwenye geti keshapiga simu, keshapiga tena, lori liko njiani. Nikahisi mtu kasimama mlangoni. Nainua macho, ni yeye, na mkoba wake begani. Nikamwambia, "Huoni nina kazi?" Nikainama kumalizia bomba. Nilipoinuka hayupo. Nikajua ameingia ndani kwa mama yake. Kumbe kaondoka. Toka siku hiyo nikipiga simu haipokei.

— Basi hayo tu?

— Hayo tu. Maneno matatu. Hesabuni wenyewe. Nimemtukana? Nimemgusa? Sijamgusa mtoto yule toka azaliwe. Nimeuliza swali. Siku hizi baba kuuliza swali ni kosa?

Mizani akapiga goti lake kwa kiganja.

— Huu ni uonevu, akasema. Huu ni uonevu wa wazi. Mimi nawauliza wateja mia kwa siku, "Huoni kuna foleni?" Mbona wanarudi kesho?

— Wanarudi kwa sababu bucha nyingine iko mbali, akasema Shemeji.

— Shemeji, wewe mimina kahawa.

Gazeti alikuwa amekwisha kuifuta suruali, akakunja gazeti lake vizuri na kuliweka pajani, dalili kwamba sasa anataka asikilizwe.

— Tusikasirike ovyo, akasema. Tulitazame neno lenyewe. Vikali ni neno la kiserikali. Mtu wa kawaida hawezi kufanya kitu vikali. Soma popote. Waziri ameonya vikali. Msemaji amekanusha vikali. Jumuiya imelaani vikali. Umewahi kusoma jumuiya imelaani kidogo? Imelaani kiasi? Hakuna. Na kila wakishalaani vikali, nini hutokea?

— Hakuna, nikasema.

— Hakuna kabisa. Wanakwenda kula. Kwa hiyo vikali ni namna ya kusema jambo bila jambo kutokea. Huwezi kumsemesha mtoto vikali kwenye karakana, bila kipaza sauti, bila waandishi wa habari. Binti kalitumia neno mahali pasipo pake. Ningekuwa wewe ningekanusha.

— Vipi?

— Vikali.

Cheche hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe chake bila kunywa.

— Mimi sikubaliani na huyu, akasema Mizani. Neno hili ni letu sisi wenye visu. Kisu kikali, shoka kali, wembe mkali. Ukali ni kukata. Sasa mimi nawaulizeni, "Huoni nina kazi" inakata wapi? Iguse. Ni butu kabisa. Huwezi kukatia hata siagi. Kama binti kakatika, basi kuna mtu mwingine aliyemnoa kwanza.

— Nani?

— Mume.

— Acha hayo, akasema Cheche.

— Siachi. Mtoto aliyelelewa vizuri hakatiki kwa maneno matatu. Huyo mume kila jioni anamnoa taratibu, baba yako hivi, baba yako vile, mpaka siku ukisema neno lolote, hata habari za asubuhi, anaona damu. Nendeni mkamwulize huyo kijana.

— Mkwe wangu hajawahi kunikosea, akasema Cheche. Akija anainama mpaka naona kisogo.

— Wanaoinama sana ndio wa kuwaangalia.

Gazeti akaona anapokonywa uwanja. Akainua kidole.

— Subirini. Kuna maana nyingine tumeisahau. Vijana wakisema fundi fulani ni mkali, wanamaanisha nini? Hodari. Wimbo mkali ni wimbo mzuri. Mchezaji mkali ni yule anayefunga. Sasa binti ni kijana au si kijana?

— Ni kijana.

— Basi tumemaliza. "Baba alinisemesha vikali" maana yake baba aliongea vizuri sana. Dada yako ni mtu mzima, kaipokea sifa akaigeuza matusi. Huyo dada yako ndiye wa kukasirikiwa.

— Na "haji tena"? nikauliza.

Gazeti akafikiri.

— Hapo labda dada aliongeza lake.

Nilitaka kucheka lakini nilipomtazama Cheche nikaona shingo yake imesimama mishipa. Yule bwana alikuwa anaumia kweli. Akaweka kikombe chini na kuanza kusema kwa sauti iliyowageuza waliokuwa wakipita barabarani.

— Mimi nimekaa ndani ya moshi huu toka yule mtoto hajaota meno. Macho yangu usiku yanawasha kama yametiwa mchanga. Kwa nini? Asome. Avae viatu. Aolewe na watu waseme, huyu ana kwao. Leo nimesema maneno matatu, hayo tu ndiyo yamesikika. Miaka yote ile haina sauti, maneno matatu ndiyo yana sauti. Hii ni haki?

— Si haki, akasema Mizani.

— Si haki hata kidogo, akasema Gazeti.

— Na sauti yangu ndiyo hii. Mashine ya kukatia chuma imenila masikio. Nisipopaza, mimi mwenyewe sijisikii.

— Ndio hivyo, akadakia Mizani, ambaye hupenda sana kupata mkosaji. Ni mashine. Binti alipofika mashine ilikuwa inanguruma. Mngurumo ukachanganyika na maneno. Maneno yako yalitoka mdomoni laini kabisa, yakapita kwenye mashine, yakamfikia yamekwaruzwa. Aliyesema vikali ni mashine. Na mimi ningekuwa serikali ningeweka mizani ya sauti. Kila mtaa, mizani moja. Mtu akidai amesemeshwa vikali, wanakwenda wote wawili, anayarudia yale maneno pale juu, sindano inaonyesha. Ikipita mstari mwekundu, faini. Isipopita, mlalamikaji ndiye anatoa faini.

— Na nani ataishika hiyo mizani? akauliza Gazeti.

— Mtu mwenye uzoefu wa mizani.

— Mizani yako wewe ina gramu zinazopotea kila ikifika Jumamosi.

Wakaanza kuzozana wao kwa wao kuhusu gramu za Jumamosi. Katikati ya zogo hilo akaja mama mmoja mteja wangu, kisigino cha kiatu chake cha kushoto kimeng'oka. Akanipa kiatu, nikamwonyesha nafasi kwenye benchi, akakaa pembeni na mguu mmoja peku, ameuweka juu ya ule mwingine usiguse vumbi. Gazeti akaacha ugomvi akamsimulia kwa kifupi: binti aliyeolewa mbali, kazi yake ya sare, siku aliyokuja karakana, habari iliyoletwa na dada. Nikaanza kupaka gundi.

Shemeji alikuwa amesimama muda wote na birika mkononi. Akamgeukia Cheche.

— Shemeji yangu, hebu yaseme.

— Niseme nini?

— Hayo maneno matatu. Yaseme kama ulivyoyasema siku ile.

Cheche akakohoa, akatutazama, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemwomba mgeni aongeze sukari:

— Huoni nina kazi?

— Hivyo?

— Hivyo.

— Ungesema hivyo angekaa akakusubiri, akasema Shemeji. Mimi niliishi na mwanamume aliyekuwa akiniomba chumvi. Naomba chumvi. Maneno mawili, machache kuliko yako wewe, na lile la kwanza ni la adabu. Nikimsimulia mama yangu ananiuliza, "Kwani kakwambia nini?" Namjibu, kaniomba chumvi. Mama anacheka. Kweli alikuwa ameniomba chumvi tu. Lakini mpaka leo nikichukua kijiko cha chumvi nageuka kwanza nyuma kutazama.

— Sasa huyo alikuwa na matatizo yake, akasema Gazeti.

— Alikuwa na sauti yake. Nyinyi mmekaa hapa mnayapima maneno, na vikali haimo kwenye maneno. Ndiyo maana mtu akija kushtaki hana cha kuonyesha. Anabaki na hilo neno moja tu mkononi, vikali, halafu wanaume wanakaa kwenye benchi wanamwambia si neno lake, ni la serikali.

— Shemeji, usitulaumu sisi, akasema Mizani. Sisi tunamtetea mwenzetu.

— Naona mnavyomtetea.

Wakati huo simu ya Cheche ikaita. Akaitoa mfukoni, akaitazama kwa mbali kwa sababu ya macho yake, akaiweka sikioni.

— Nini?

Sauti ya mkewe ikasikika kwa mbali, nyembamba, inaeleza jambo.

— Niko na watu. Sema.

Mkewe akaendelea kidogo.

— Si nimekwambia niko na watu?

Akakata, akairudisha simu mfukoni, na kugeuka kuendelea na maneno yake. Lakini hapakuwa na wa kuendelea naye. Mizani alikuwa anasugua doa kwenye aproni yake. Gazeti alikuwa amefungua gazeti ukurasa ambao nilimwona akiusoma asubuhi. Shemeji akamimina kahawa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, ikamwagikia sahani.

— Nini? akasema Cheche. Mbona mmenyamaza?

Mimi nikagonga kisigino kwa nyundo, japo gundi ilikuwa haijashika.

— Yule ni mama watoto, akasema Cheche. Kaniuliza kuhusu mkaa. Mmemsikia akilalamika?

— Hapana, akasema Shemeji. Hakulalamika.

Ndipo yule mama mwenye kiatu akafungua mdomo.

— Samahani, kaka zangu. Mimi nimekuta mazungumzo katikati, labda hili mlikwisha kuliongea. Huyo binti, siku hiyo, alikuwa amekuja kusema nini?

Gazeti akamtazama Mizani. Mizani akamtazama Cheche.

— Vipi? akasema Cheche.

— Siku aliyokuja kazini kwako. Nimeambiwa anakaa mbali, ameolewa. Ilikuwa siku ya kazi, na yeye ana kazi yake. Alikuja kwa ajili ya nini?

Nilimwona Cheche akirudi nyuma kichwani mwake, anamtafuta yule binti pale mlangoni na mkoba wake, anatafuta chochote usoni mwake ambacho aliwahi kukiona. Akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaishika mapajani.

— Sijui, akasema.

— Dada yako hakukwambia?

— Sikumwuliza. Nilimwambia aondoke na maneno yake.

Cheche akainuka pole pole, ubao ukatuinua kidogo sisi tuliobaki. Hakwenda upande wa karakana yake. Alivuka barabara, akapita bucha, akaelekea kituo cha mabasi akiwa na nguo zake za kazi vile vile, matundu ya cheche mgongoni. Yule mama akavaa kiatu chake, akalipa, akashukuru, akaondoka. Gazeti alitaka kusema kwamba swali la yule mama lilikuwa nje ya mada, lakini Shemeji akamwangalia, naye akaliacha.

Cheche hakuonekana kesho yake. Keshokutwa alikuja saa yake ya kawaida, amenyoa ndevu, akakaa bila kishindo. Tulijifanya hatuna haraka. Mizani alizungumzia mvua kwa muda mrefu kuliko mvua inavyostahili. Mwishowe Cheche mwenyewe akaanza.

— Nilimkuta kwake, akasema. Peke yake. Haendi kazini.

— Anaumwa? nikauliza.

— Haumwi. Siku ile aliyokuja kwangu alikuwa ametoka kazini katikati ya kazi. Wana msimamizi pale. Sare zilitoka na kola zimeshonwa kinyume, fungu lote zima. Hakuwa peke yake kwenye meza ile, wako wengi, lakini aliyekuwa karibu ni yeye. Yule mtu akachukua kola, akazitupa mezani mbele yake, mbele ya wenzake wote, akamwambia, "Wewe huna macho?"

Akakunja ngumi juu ya goti.

— Huna macho, akarudia. Mtu mzima, mke wa mtu, anaambiwa hivyo mbele ya wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe kutia uzi kwenye sindano. Kola zenyewe alizishona mwingine. Hakumwuliza. Hakutaka kujua. Kamsemesha kama anafukuza kuku. Ningekuwepo mimi, wallahi, yule mtu...

Mkono wake ulikuwa umekunjwa ngumi juu ya goti, ile ngumi inayopinda nondo. Mizani alikuwa tayari kukubaliana naye, nilimwona anavuta pumzi, tayari kusema ni uonevu wa wazi. Hakusema.

Ngumi ya Cheche ikafunguka yenyewe.

— Binti akavua aproni, akachukua mkoba wake, akatoka, akasema Cheche kwa sauti ya chini. Akatembea. Anasema hakuwa na safari, miguu tu ilikuwa inakwenda, na alipoinua kichwa akajikuta yuko mtaani kwetu. Akasikia mashine yangu. Akasema, "Baba yupo." Akaja mpaka mlangoni.



— Alikuwa anataka kukwambia ukamkabili yule msimamizi? akauliza Gazeti, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

— Nilimwuliza. Nilimwambia, mama, twende sasa hivi, nionyeshe huyo mtu. Akasema hapana. Nikamwambia, basi sema, ulikuja kuniambia nini siku ile, niambie leo, nimekuja kusikiliza. Akasema hakuja kuniambia kitu.

— Hakuna kitu?

— Hakuna. Alitaka kukaa tu. Lile gogo la nyuma ya mlango, ambalo alikuwa akikalia alipokuwa mdogo akitoka shule, ananisubiri nimalize kazi. Alitaka kukaa pale, mimi nikate chuma changu. Hata nisimsemeshe.

Shemeji akachukua birika, akalitikisa. Lilikuwa na kikombe kimoja mwishoni. Hakuuliza zamu ya nani. Akakimimina na kumpa Cheche.

— Sasa ukafanyaje? akamwuliza.

Cheche alikizungusha kikombe mkononi, anaitazama kahawa.

— Kuna kiti kimoja tu pale barazani kwake. Akanipa mimi. Nikamwambia kaa wewe. Akakaa. Mimi nikakaa chini, sakafuni, nikaegemea ukuta. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga njia nzima kwenye basi.

— Ukayasema?

— Nilinyamaza, akasema Cheche. Tukakaa mpaka mumewe akarudi.